Gari la Kunywa Maji

Fundi wetu kachukua chupa ya juisi, katoboa kifuniko, kapitisha mipira miwili: mmoja umezama majini, mwingine umeishia juu, unaelekea injini. Haidrojeni kutoka mtambo wake wa kupasua maji ipite ikibubujika, na moto ukirudi nyuma uzimikie humo. Hapo sina neno. Chupa hiyo ina akili kuliko mtambo mzima. Maana umeme wa kuyapasua maji unatoka kwenye altaneta, altaneta inazungushwa na injini, na injini, mtanisamehe, bado inakula petroli. Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, naye alinadi gari la maji. Mwaka 1996 mahakama ikaamua ni ulaghai, awarudishie wawekezaji wawili dola 25,000 zao. Fundi anasema huyo alikosea tu kipimo cha magadi ya kutia kwenye maji.