Gundi Haijui Maji

Ikifika wiki ya mwisho ya Agosti, sebule yetu huacha kuwa sebule. Waya na manyoya hutawala meza ya kulia, puleki huingia hadi kwenye mikunjo ya makochi, na baba watoto hula wali wake jikoni amesimama. Tunakaa magharibi mwa London, karibu na Ladbroke Grove, mlemle inamopita Kanivali ya Notting Hill. Jumapili ni siku ya watoto na familia, na binti yetu alikuwa amepangiwa mabawa ya ndege wa bluu.

Kwenye meza hiyohiyo nilikuwa na kazi nyingine: kofia ya viua ya baba watoto. Kazi hii bibi yangu alinifundisha Unguja. Unatoboa kitundu kwenye kitambaa cheupe, unakizungushia uzi, unakaza, unahamia kingine, na kofia moja hula miezi. Hii ilibaki kuunganishwa tu.

Usiku wa kuamkia Jumapili, mpira wa mashine ya kufulia wa fleti ya juu ukapasuka. Maji yakashuka kwenye tundu la taa, moja kwa moja juu ya meza. Baba watoto alikimbilia swichi kuu akazima umeme, mimi nikashika ndoo. Tulipomulika kwa simu, manyoya yalikuwa yamebanduka yanaelea, na rangi yake imeingia kwenye kofia. Binti yetu alilia kilio cha msiba.

Jirani wa juu, mama mtu mzima kutoka Trinidad, alishuka na mataulo mikononi. Alishika bawa, akaligeuza, akasema, "Gundi haijui maji, mwanangu. Pandeni kwangu, umeme upo. Leta sindano."

Tulishona hadi alfajiri. Yeye alikausha manyoya, mimi nikafunga kila shina kwa mshono uleule wa kiua. Huku mikono ikienda, alimsimulia binti yetu habari za mtaa huu: mwaka 1958 makundi ya Wazungu yalivyowavamia watu wa Karibi, Claudia Jones, mwandishi wa habari mzaliwa wa Trinidad, alivyojibu kwa kuandaa kanivali ya ndani Januari 1959, katika ukumbi wa St Pancras, na Kelso Cochrane, seremala wa Antigua, alivyouawa kwa kisu Mei ya mwaka huohuo, asipatikane wa kuhukumiwa mpaka leo. Mwaka 1966 Rhaune Laslett akaandaa sherehe ya mtaani kwa ajili ya watoto, na Russell Henderson na wenzake wakabeba ngoma zao za chuma, wakaingia barabarani, watu wakawafuata. Binti yetu aliacha kulia, akaomba sindano na yeye.

Mabawa yalizunguka njia nzima, na hakuna nyoya lililodondoka. Kofia niliiloweka kwa sabuni na ndimu, bluu ikafifia lakini haikutoka, na baba watoto ameivaa hivyohivyo Idi zote tangu hapo.

Nasikia watu wetu wakisema kanivali ni makelele na ulevi. Waje Jumapili asubuhi, wasogee karibu na watoto, waangalie mishono, kisha wamuulize mama yeyote aliyesimama pembeni nani kaishona nguo ile.