Majengo Ipi?

Katika nchi hii, kumwambia dereva kwamba onesho liko Majengo ni sawa na kumwambia liko chini ya mwembe. Majengo ipo Moshi, ipo Arusha, ipo Dodoma. Vuka mpaka utaikuta Mombasa, na Nairobi pale Pumwani. Meneja wa bendi yetu aliyajua hayo yote, ila salio la simu lilikuwa linakata, akafupisha maelekezo. Kirikuu kilichobeba vyombo kikaenda Majengo ya Arusha. Basi dogo lililobeba wanamuziki likakata kona Moshi. Jioni ile kulikuwa na magitaa yasiyo na wapigaji, na kilomita 80 huku nyuma, wapigaji wasio na magitaa.

Dereva wetu hakukubali upesi kwamba amekosea mji. Mawingu yalipofunguka, Kibo ikajitokeza na barafu yake, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, naye akaikazia macho, akasema, "Hii Meru imenenepa." Mzee mmoja aliyekuwa ananyolewa kwenye kibaraza cha kinyozi alimjibu bila kugeuza kichwa: "Mjukuu wangu, Meru haijawahi kuja huku."

Tukageuza gari tukimbilie Arusha. Gari likachemsha.

Hapo ndipo wema ulipoanza, na wema wa watu usiowajua hauna breki. Fundi wa kwanza alifungua boneti bila kuitwa. Wa pili alimlaumu wa kwanza. Wa tatu, aliyesema maneno machache kuliko wote, alituonesha tundu kwenye rejeta, akaing'oa na kuondoka nayo kwa bodaboda kuelekea Mbuyuni. Nani anamjua yule? Kila mtu alisema anamjua, hakuna aliyejua jina lake. Baada ya saa nzima akapiga simu kwa namba ya muuza vocha: rejeta itakuwa tayari asubuhi, na hela tutampa tukishapiga muziki. Tukishapiga na nini?

Mama ntilie wa pale jirani hakutaka kusikia habari za vyombo kabla hatujala. Alitupakulia mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama ambao Uchagani hupikiwa mama aliyejifungua arudishe nguvu. Akatutazama mmoja mmoja, kisha sahani ya kwanza akampa mpiga tumba wetu, mwenye kitambi. "Kula, baba, umechoka sana wewe."

Nikiwa na mtori mdomoni niliwakumbuka akina Kinyonga, Wilson na George. Ndugu hao walitoka Tanga kwenda Arusha, wakaunda bendi ya Arusha Jazz, kisha wakavuka kwenda Kenya, na mwaka 1971 Simba Wanyika ikazaliwa. Barabara ya Tanga kwenda Arusha inapita Moshi. Wanahistoria wa dansi huandika habari za studio na mikataba. Mimi nataka kujua ni mama gani aliwalisha njiani, maana promota hajalisha mwanamuziki tangu dunia iumbwe.

Kufikia swala ya isha vyombo vilikuwa vinakuja kwa miguu. Vijana wa matarumbeta ya harusi walileta drams. Kinyozi alitoa spika zake. Solo na besi zilitoka kwa mtu aliyesema ameacha muziki, kisha akakaa mstari wa mbele kutusahihisha. Kinanda kikatoka kwenye kwaya, kwa sharti moja: kimeokoka, kisipige nyimbo za dunia. Wakamtuma dada mmoja wa sauti ya kwanza aje kukilinda. Wimbo ulipomtaja mchepuko, dada aliweka kiganja juu ya vitufe na kinanda kikanyamaza. Ulipofika kwenye ushauri kwa wanandoa, akaondoa mkono. Katikati ya sebene nilimtafuta nikamkosa. Alikuwa nyuma ya spika, anakilinda kwa mabega na kiuno.

Kiingilio hakikuwepo, lakini watu walitunza. Fundi rejeta alipata chake, mafuta yakapatikana, na asubuhi mzee wa kwa kinyozi akatufungia mkungu wa ndizi juu ya gari ili tusione aibu kufika ugenini mikono mitupu. "Aika, mzee," tukamshukuru kwa pamoja.

Arusha tulikuta umati. Tukashuka tukipunga mikono. Kijana mmoja akatuuliza, "Nyie ndio wabeba vyombo?" Kumbe usiku ule wenyeji walimwonea huruma dereva wa kirikuu, wakamlisha, wakamsaidia kufunga mitambo, wakamletea vijana wao wa magitaa, wakamwomba basi aimbe chochote. Aliimba mpaka saa nane. Sasa walikuwa wanamtaka yeye.

Kiongozi wa bendi alimvuta pembeni wakazungumza kwa muda mrefu. Siku hizi ana nyimbo mbili katika kila onesho, na kirikuu kinaendeshwa na mpiga drams.