Miguu Nayo Ina Upande Wake?

Hebu niambie wewe uliyesoma. Tangu lini miguu ikapangiwa upande barabarani? Natembea zangu hapa Mandewa, Singida, kushoto, kistaarabu, magari nimeyapa mgongo, kiroba cha vitunguu begani. Napigwa honi. Nasogea. Napigwa nyingine. Nageuka, trafiki huyo. Ananiita "mzee", na hamsini sijaifikia. Eti mtembea kwa miguu anapita kulia, ayaone magari yanayomjia. Nikamwambia afande, ya nini niyaone? Nikiyaona si ndiyo naogopa! Vijana wa boda wakacheka, mmoja akalalia tangi kabisa. Kiroba kikachanika hapo hapo. Vitunguu vikatawanyika hadi mtaroni. Hakuna aliyeokota hata kimoja.

Na barabara za Singida si za mchezo, bwana. Ya Dodoma inaingia, ya Arusha kupitia Babati inaingia, ya Nzega kwenda Mwanza inatoka. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita na matela yao, dereva katoka bandarini Dar, macho mekundu, kwake Singida ni kibao tu. Humo humo kuna guta la magunia ya alizeti. Kuna kuku wananing'inia kwenye hendeli, kichwa chini. Kuna mbuzi. Mbuzi akigongwa mwenyewe anakuja mbio, kikao kinakaa, bei inatajwa. Nikigongwa mimi wataulizana nilikuwa nafuata nini barabarani. Jirani yangu anasema tushukuru, hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapa hapa Mandewa, hubebwi mbali. Huyo ndiye jirani niliyepewa.

Baiskeli nayo wameifanya kesi. Breki, breki, breki! Breki ninayo, ni ndala ya kulia. Nikitaka kusimama nachomeka mguu kwenye tairi la mbele, nakandamiza, soli inalia, harufu ya mpira inapanda hadi puani. Ndala imelika mpaka kisigino kinagusa lami. Mwanangu anashangaa kwa nini ndala za baba zinaisha moja moja. Kengele? Si nina mdomo! Taa? Mtaa mzima wananijua. Juzi usiku nimevaa koti langu jeusi, dereva wa Noah akafunga breki nusura aingie mtaroni. Akashusha kioo, akanitukana mimi na ukoo. Eti hakuniona. Mtu mzima hivi! Mbona mimi nilimwona tangu mbali, na taa zake mbili?

Ndiyo maana siku nyingine napanda boda. Napanda mimi, mama watoto na gunia la pumba, mishikaki kamili, nauli tunaelewana. Helmeti iko moja, ya dereva, kaivalisha kwenye kiwiko. Nikiwa juu pale nawachukia sana wenye miguu. Wanazubaa! Wanavuka huku wanachezea simu! Nawafokea mwenyewe, dereva ananyamaza. Nikishuka tu, boda ikinipita karibu, nawachukia wa boda.

Tukaitwa semina ya usalama barabarani. Nilienda kwa sababu ya soda, nisikufiche. Mtaalamu akasema Shirika la Afya Duniani limehesabu watu milioni 1.19 waliokufa barabarani kwa mwaka mmoja, 2021, dunia nzima, na zaidi ya nusu ni wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Nikajihesabu. Nimo kote kutatu! Akasema Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, na penye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Hamsini! Yale mabasi ya Mwanza hamsini yanaiacha kwenye gia ya pili. Nikanyoosha mkono niulize swali zito. Mwenyekiti akanikatiza: "Mzee, soda bado." Ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

Lakini niliambulia kitu, kuvukia kwenye zebra. Nikaenda, nikasimama kama nilivyofundishwa. Gari likapita. Lori likapita, upepo wake ukaondoka na kofia yangu. Akaja mama na ndoo ya maji kichwani, akanyoosha mkono, hata hakutazama, magari yote yakasimama. Akavuka taratibu. Kumbe ni mkono tu! Nikanyoosha wangu. Haisi ikasimama, konda akanishika kwapa: "Pita ndani mzee, siti ipo." Nabisha mguu ukiwa mlangoni, mlango ukafungwa. Nikashushwa mjini. Nauli nimelipa.

Kwa hiyo wewe dereva, ukinikuta pale kwenye zebra nimenyoosha mkono, sitafuti usafiri. Navuka. Simama nipite, halafu endelea na safari yako, na konda wako mwambie abaki na mikono yake.