Heko kwa Waya wa Meno

Shemeji yangu aliponiona nikicheka kwa mara ya kwanza tangu nifungwe nyaya, alitua kikombe mezani akauliza, "Shem, hizo si za watoto wa shule?" Nilikuwa na miaka 41. Nikafungua mdomo nimjibu, mate yakatangulia neno. Tangu siku ile nimejiteua wakili wa waya wa meno, maana naona unasemwa vibaya tu: bei yake, maumivu yake, na ule uzio wa kituo cha polisi unaojitokeza mtu akicheka. Fadhila zake hakuna anayezitaja.

Kwanza, haubagui rika. Jino halijui ulizaliwa mwaka gani. Fizi zikiwa nzima na mfupa una afya, litasogea la mtoto na la babu yake, ingawa la babu huenda kwa madaha zaidi. Kwenye benchi la kliniki nilikaa katikati ya mabinti wawili wenye sare za shule, sote watatu tumeficha midomo kwa viganja. Mmoja akanimegea nta, kipande cha ukubwa wa punje ya mtama. "Anko, bandika hapo pembeni panapochoma, shavu lisichubuke." Ni wapi pengine mtu wa makamo hufundwa na mtoto wa sekondari, tena akashukuru?

Swali la pili huulizwa kwa kunong'ona: inauma? Inauma. Lakini tazama ustaarabu wake. Kugundishwa vile vibati vya kushikilia waya hakuumi; unatoka kliniki ukijiona shujaa, unapanda daladala, unafika nyumbani salama. Waya hungoja usiku. Siku tatu nne za mwanzo ubwabwa huwa kokoto, na ndizi mbivu hukutoa machozi. Niliishi kwa uji na mtori, nikapungua hadi nikamnyang'anya mdogo wangu suruali niliyokwisha kumgawia.

Na kazi inayofanyika humo ndani ni ya ajabu. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi laini zinazolizunguka mzizini. Waya ukilisukuma, upande unaobanwa mwili huula mfupa, na upande unaoachwa nyuma huujenga upya. Yaani jino linahama na nyumba yake, linabomoa ukuta wa mbele huku likijengewa wa nyuma, kwa mwendo wa kama milimita moja kwa mwezi. Ndiyo maana mtu humaliza mwaka na nusu, miwili, hata zaidi, akiwa na nyaya. Niliwahi kulisukuma jino langu kwa kidole gumba utoto mzima, kila nilipolala chali, na halikunisikiliza. Waya haukulisukuma kwa nguvu kuliko mimi. Haukulala tu.

Waya wenyewe una ukoo usioutarajia. Ule mwembamba wa mwanzo, wa nikeli na titani, ukipindwa hukumbuka umbo lake na kulirudia taratibu, ukiyavuta na meno yaliyokaa kombo. Mchanganyiko huo ulitoka katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, ukaingia midomoni mwa watu miaka ya 1970. Kabla yake, Mfaransa Pierre Fauchard alikwisha eleza katika kitabu chake cha 1728 jinsi ya kuyafunga meno kwa uzi kwenye ukanda wa metali wenye matundu. Zama hizo hakuna sindano ya ganzi. Wagonjwa wake siwajui, ila nawaheshimu.

Sasa mezani. Miwa, kashata, karanga, barafu, vyote marufuku, kwani kibati kikibanduka unarudi kliniki na safari inarefuka. Hindi la kuchoma halikatazwi ukilipukuchua kwa vidole, punje kwa punje. Nilinunua moja Magomeni jioni ya foleni nikalimaliza tunaingia Ubungo. Sijawahi kufaidi hindi kiasi kile kwa bei ileile. Tena waya ni mkweli. Ukila mchicha, mchana kutwa kila unayezungumza naye anajua umekula mchicha. Nikaanza kutembea na mswaki mfuko wa shati, na kile kibrashi chembamba cha kupenyeza chini ya waya, maana uchafu ukiachwa pale huacha mabaka meupe kuzunguka kila kibati, nayo hayatoki na nyaya.

Kila baada ya wiki nne hadi sita unarudi kukazwa, na daktari anauliza unataka raba za kufungia waya za rangi gani. Mara ya kwanza nikasema kijani, naipenda tu. Bodaboda wa kijiweni kwetu, shabiki wa Simba wa kulialia, akanichungulia mdomoni, akaona rangi ya Yanga, akakataa kunipunguzia nauli. "Mwambie Yanga akulipie." Zamu iliyofuata nilichukua kijivu.

Kuna na lile la kung'olewa magego madogo mawili yasiyo na kosa ili wengine wapate nafasi. Ulishaona wapi mwenye nyumba analipa ili wapangaji wake wazuri wafukuzwe? Nililipa, nikasema asante.

Fadhila moja tu naisifu kwa shingo upande. Shangazi alikuja kutoka Tanga, akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani. "Wewe, unaziba mwanya? Mwanya wa mama yako ule!" Kwetu mwanya ni urembo, wako walioutafuta kwa tupa. Daktari angeuacha kama ningemwambia. Sikumwambia, nilikuwa nimeduwaa na bango la meno yaliyopangwa kama vigae vya bafuni. Waya hauulizi, unatii. Mwezi wa tisa nikapitisha ulimi, nikakuta mlango umefungwa.

Nyaya zilitoka baada ya miaka miwili, nikapewa riteina, kile kibao cha plastiki cha kuyashikilia meno, kwa sababu meno hukumbuka kwao na hupenda kurudi. Miezi ya kwanza unaivaa usiku na mchana, baadaye usiku tu, miaka na miaka. Unaivua unapokula. Nikaivua kwa mama lishe, nikaifunga kwenye tishu, nikala wali maharage, nikaondoka. Niliporudi mbio nilimkuta ameibeba kwenye kijiko, wateja wamemzunguka.

"Kuna mzee kasahau meno."

Nikasema ni yangu. Akanitazama mdomoni, yote yamejipanga.

"Haya uliyonayo je, ni ya nani?"

Akanipa vipande viwili. Mtu alikwisha ikanyaga. Nyingine ilichukua wiki tatu kutengenezwa. Wiki ya pili, usiku, ulimi ukapita pale mbele ukahisi upenyo mwembamba kama wa kupitisha karatasi. Asubuhi nikampigia shangazi. Sikuwahi kumaliza kueleza, alikwisha piga kigelegele.