Abiria wa Mapajani

Baba mmoja wa Tabata kapanga likizo: yeye, mkewe na mtoto wa miezi 23, Dar es Salaam hadi London kwa shangazi. Hongera zake. Tarehe kaitafuta kwa kalamu na kikokotoo, maana mtoto akishatimiza miaka 2 lazima alipiwe kiti. Kabla ya hapo husafiri mapajani kwa nauli ndogo, aghalabu sehemu ya kumi ya ile ya mtu mzima. Baba anajiona kaokota dodo chini ya mnazi.

Mapajani mwa nani, hakusema. Mama kaelewa. Baba mwenyewe keshachagua kiti cha dirishani.

Viza ndiyo haijui mapaja. Ada ya mtoto ni ile ile ya baba yake, senti haipungui.

Kisha kuna ratiba, imeandikwa vizuri, ina hata rangi: ndege ikipaa mtoto analala, ikitua anaamka anacheka. Mhusika mkuu hakuitwa kwenye kikao. Ni huyu huyu ambaye daladala ya Tabata hadi Kariakoo haifiki Buguruni kabla hajamvua dada wa watu mtandio. Bibi naye kaleta unga wa lishe kilo 2, eti mjukuu asije akafa njaa Uingereza.

Lakini tusimharibie mtu hesabu zake. Tumkumbushe jambo moja tu: shangazi kawaalika wiki 6. Siku ya kurudi mtoto atakuwa na miaka 2 na kiti chake.