Heko kwa Seva Iliyotufungia Nje

Kati ya watumishi wote wa umma walioko Siakago, simjui mwadilifu kuliko seva. Nasema ile iliyozimika umeme ulipopotea, ikawaka umeme uliporudi, na tangu hapo haimfungulii mtu yeyote aliye mbali. Taa yake inawaka kijani, feni inavuma, lakini ukiwa Meru ukijaribu kuingia, hupati hata salamu. Mafundi wenzangu huita hilo hitilafu. Mimi naliita uadilifu.

Kwanza, haijui cheo. Nchi hii mlango ukifungwa, tunauliza bawabu ni mtu wa wapi na mjomba wake ni nani. Seva haina mjomba. Sheria zake zilitungwa ughaibuni: mwaka 1995, baada ya wezi wa nywila kuuvamia mtandao wa chuo kikuu chake Helsinki, Mfini Tatu Ylönen aliandika SSH, programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, akaipatia mlango nambari 22. Katika mlango huo hakuna chai wala kitu kidogo. Diwani, mkandarasi na mpwa wa mkandarasi hujibiwa jibu moja. Uliza, "Unajua mimi ni nani?" Haijui, na haina haja ya kujua. Mwenye nywila ya kweli na mwenye ya kubuni wanakaa nje pamoja. Tume gani ya maadili imewahi kufikia usawa huo?

Tena inakataa kwa lugha iliyonyooka. Ikikukataa papo hapo, maana yake iko macho, ila mlangoni hakuna mhudumu: aliyewasha programu kwa mkono alisahau kuiagiza ijiwashe yenyewe baada ya kuzimwa. Ikinyamaza hadi muda uishe, basi faiawoli imemeza ombi lako, au anwani imebadilika, au mashine haijaamka sawasawa. Sikiliza jinsi unavyokataliwa na utajua pa kuanzia. Linganisha na dirisha la ofisi, ambako kila ugonjwa una jibu moja: "Sistimu imelala, rudi kesho."

Pili, inaheshimu saa. Panapotumika Kerberos, mfumo wa kuthibitisha anayeingia, saa yako na yake zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, kwa kawaida huingii. Mkutano wetu wa saa tatu huanza saa tano, na mgeni wa heshima bado yuko njiani.

Tatu, inaendeleza biashara ya matatu. Nne, inawapa makarani nafasi ya kunywa chai na mandazi bila haraka. Tano, inafundisha jiografia, kwa maana fundi anayeifuata huko Siakago, Mbeere, hupata kukumbuka kwamba nchi ya Mbeere inapakana na Tana, mto wenye mabwawa matano ya Seven Forks, Masinga hadi Kiambere. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Kukosa umeme ukiwa jirani wa mitambo hiyo kunahitaji ustadi ambao seva haiwezi kudai kuwa wake.

Siku umeme uliporudi nilimpigia simu mlinzi, nikamwomba achungulie skrini kupitia dirisha.

"Bosi, imeandika ati tubonyeze F1."

"Basi bonyeza, mzee wangu."

"Hapa hakuna kibodi. Na mlango umefungwa. Ufunguo uko na mkubwa, na mkubwa yuko semina Naivasha."

Ni betri, jamani! Kibetri cha duara ndani ya mashine, kinachotunza saa na mipangilio umeme usipokuwepo. Kikifa, seva ikiwaka inasahau mwaka, inasimama kusubiri mtu abonyeze F1. Bei yake haifiki nusu kilo ya nyama choma. Nimekiandika katika ripoti, nikaandika na UPS, nikaandika ufunguo wa pili. Ripoti ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikawekwa. Pesa za semina hazijawahi kusahau mwaka.

Na huku nje ya dirisha amesimama mama aliyetoka Ishiara na alfajiri, nauli ya kuazima, kutafuta karatasi moja. Anaambiwa kosa ni la mashine. Anaitikia, kwa kuwa mashine haiwezi kujitetea. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilipoingia gizani hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, angalau waziri alijitokeza kuomba radhi. Mama wa Ishiara haombwi radhi na mtu. Anaonyeshwa feni inayovuma, anaambiwa kazi inaendelea.

Kwa hiyo heko kwa seva, mtumishi pekee katika jengo lile anayesema waziwazi anachohitaji ili afanye kazi. Wengine tumeambiwa tuwe na subira: ununuzi wa betri umekubaliwa kimsingi, kilichobaki ni ombi kuingizwa kwenye sistimu.