Kampala hadi Nairobi: Walaji Sita wa Muda Wako

Ukiuliza Nairobi ni umbali gani, mkata tiketi atakujibu: "Saa moja tu." Kweli, kama umezaliwa ndani ya ndege. Kwa sisi tunaolala Ntinda hesabu ni nyingine. Hawa hapa wanaokula muda wako, mwenye njaa kubwa kabisa akiwa wa mwisho.

6. Anga. Entebbe hadi Nairobi ni kama kilomita 520, na ndege hutumia saa moja na dakika kumi hivi. Kwa mwendo wa jeti dakika 40 zingetosha, lakini njia yenyewe fupi mno: ikimaliza kupanda, inaanza kushuka. Ikweta mnaivuka juu ya ziwa dakika chache baada ya kupaa, wala hakuna anayepiga makofi. Karanga zikikufikia, rubani keshaanza kuaga.

5. Pasipoti. Huyu hana njaa. Tangu 2014 Waganda, Wakenya na Wanyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kisahau nyumbani sasa, uone atakavyoshiba.

4. Saa ya ukutani. Kampala na Nairobi saa zao ni zilezile. Hakuna cha bure. Mpenda dezo aende Kigali, ambako saa iko nyuma: unapaa Entebbe saa 4 asubuhi, unatua saa 4 hiyohiyo au karibu nayo. Ukirudi, deni linalipwa lote.

3. Nairobi yenyewe. Tangu 2022 kuna barabara ya kulipia, sehemu yake ikipita juu, Mlolongo hadi Westlands. Bana pesa yako, ubaki chini na matatu ukisikiliza muziki usiouchagua.

2. Basi. Kilomita zaidi ya 600, usiku mzima na kipande cha asubuhi. Lakini huyu anakula nawe unakula: pale Namawojjolo wauzaji wanalivamia dirisha kwa vijiti vya kuku na gonja, na asiyenunua anasafiri na harufu tu. Jinja mnavuka Nile kwa daraja jipya la 2018. Kisha Busia, usiku wa manane: "Wote chini!" Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka huohuo kimemaliza habari ya kupanga foleni mara mbili, nchi hii na ile. Usingizi uliokatika ndio haujapatiwa kituo. Hata hivyo namheshimu basi. Hajawahi kumdanganya mtu kwamba ni saa moja tu.

1. Kampala hadi Entebbe. Kilomita 40. Ndiyo, arobaini! Wenzako wameshaanza kula karanga angani, wewe uko Kibuye unasoma maandishi ya nyuma ya taksi. Utasema kuna barabara ya kasi, imefunguliwa 2018, inalipiwa tangu Januari 2022, shilingi 5,000 gari dogo. Sawa, lakini inaanzia Busega, na Busega kwenyewe nani atakufikisha? Bodaboda? Hawaruhusiwi kuingia humo. Basi wanakupitisha njia ya zamani, Zana hadi Kajjansi, sanduku limekaa mbele ya dereva kama mtoto wa kwanza, wewe nyuma umeshika roho.

Ndege ya saa 2 usiku? Toka nyumbani saa 9 alasiri. Dereva akikwambia, "Tutafika, ssebo," muulize: leo?